Kitunguu Saumu Katika Stoo ya Mama Mkwe

Nianze na jambo la kukohoa, maana asiyelijua atashangaa mtu mzima mwenye ndevu alivyokaa ndani ya stoo karibu saa nzima akimwogopa mama wa makamo anayechambua vitunguu.

Kwa watu wa upande wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Wakikaribia kukutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Na ili wasigongane kwa bahati mbaya, anayekuja anakohoa. Ukikohoa, mama mkwe anajitanda khanga, anageuka au anaondoka, basi unapita zako. Likitokea la kuzungumza mnalipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama mko hatua nne na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa. Upo utaratibu wa kuondoa mwiko huu, kwao wanauita kumfungua mkwe. Mama mkwe akiridhika nawe anaita ndugu zake, anachinjwa kuku, mnashikana mikono mbele ya watu, na tangu siku hiyo unamsalimia kama mama yako. Siku anaichagua yeye. Wangu alikuwa hajaichagua.

Wakwe wengi hawasumbuliwi na mambo haya kwa sababu wanakaa kwao. Mimi nilikuwa nakaa kwake. Shamba langu la mpunga kule Majimoto lilizama misimu miwili mfululizo, kaka zangu wakaanza kunitazama kama mgeni aliyechelewa kuaga, na mke wangu akasema twende Mwamkulu kwa mama, ana mabwawa matatu ya samaki na hana mtu wa kumsaidia. Tulikubaliana miezi sita. Ninayoyasimulia yalitokea tukiwa mwaka wa tatu. Waendesha bodaboda pale kijiweni walikuwa wakiniona wanapaza sauti, "Shemeji! Hivi wewe walikutolea ng'ombe wangapi?" Nilicheka nao kila mara, na kila mara nilitamani kumtandika mmoja wao kofi.

Mnaweza kufikiri natania nikisema nilijua ramani ya ule uwanja kuliko mwenye nyumba. Asubuhi yeye alitumia njia ya migombani kwenda bwawani, kwa hiyo mimi nilizungukia kwenye majaruba ya mpunga, matope hadi magotini. Akiwa jikoni sikuweza kufika kisimani. Akiwa kisimani sikuweza kufika chooni. Kuna siku alikaa kisimani akiongea na jirani, mimi nikiwa nyuma ya zizi la mbuzi, na sitasema zaidi ya hapo. Miaka mitatu nilikohoa hadi koo likawa gumu, na mke wangu akaanza kuninunulia tangawizi akidhani naumwa.

Kazi yangu ilikuwa chakula cha samaki. Alichonifundisha mama mkwe, alinifundisha kupitia kwa binti yake. Pumba za mpunga, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, unga wa muhogo wa kushikiza. Mpaka hapo kila mfugaji anajua. Chakula chake kilitofautiana na cha wengine kwa yale aliyoongeza kuzuia ukungu na uozo. Vitunguu saumu vilivyotwangwa, maji ya ndimu, karafuu kidogo iliyosagwa laini, na bakuli la maji ya uji uliochachuka siku mbili. Dawa za kiwandani hakuwa nazo wala hakuzitaka. Alianza na kitunguu saumu peke yake, akaona gunia linakaa wiki mbili zaidi bila kuota manyoya, akaendelea kujaribu hiki na kile mpaka akapata vipimo vyake, vyote kwa kikombe kimoja cha bati kilichobonyea. Wenzake watano wa jumuiya pale kanisani walikuwa na mabwawa madogo madogo, nao walitumia vipimo hivyo hivyo. Hata mama mmoja alitoka Mwese kwa pikipiki, njia ile mnaijua ilivyo, kuja kuoneshwa tu namna ya kupima ndimu.

Sharti lake kubwa, hata hivyo, lilikuwa jua. Tukishasokota chakula kwa mashine ya kusagia nyama, kinaanikwa juu ya turubai siku tatu. Siku ya tatu unachukua punje, unaiweka karibu na sikio na kuivunja. Ikilia, funga gunia. Isipolia, rudisha juani. Alimtuma mke wangu aniambie, na aliniambia mara nyingi hadi nikakereka: "Mama anasema kitunguu ni mlinzi tu. Ukimfungia mlinzi ndani pamoja na mwizi, usimlaumu."

Masika yale nilianika siku moja na nusu. Mawingu yalitanda, na kaka yangu alikuwa amenipigia kwamba kuna mtu Majimoto anakodisha shamba lake, niwahi kabla hajapata mwingine. Shamba! Mnajua maana ya neno hilo kwa mtu anayejificha nyuma ya zizi la mbuzi. Bodaboda alikuwa barabarani anapiga honi. Nilichukua punje, nikaivunja karibu na sikio, ikakatika kimya kama ugali. Nikajiambia vitunguu vimo vya kutosha. Nikafunga magunia mawili, nikaingiza stoo, nikapanda pikipiki.

Shamba sikulipata, mwenyewe alikuwa amebadili mawazo. Niliporudi baada ya siku nane niliingiza mkono kwenye gunia la kwanza nikakuta joto, joto kabisa la kitu kinachooza. Punje zilishikana mabonge, na katikati ya mabonge kulikuwa na ukungu wa kijani.

Hapo ndipo ningemwita mke wangu, nikamwambia, akaenda kumwambia mama yake, tukamwaga, yakaisha. Ningefokewa kupitia mtu wa tatu, ambako si kufokewa sana. Lakini nilifikiria vijana wa kijiweni, nikafikiria kaka zangu, nikafikiria kwamba mwanamume asiye na shamba amepewa kazi moja tu ya kuanika chakula cha samaki, na hiyo nayo imemshinda. Nikatoa magunia nje siku ambayo mama mkwe alikwenda mjini Mpanda. Nikavunja mabonge, nikachambua ule ukungu uliokuwa ukionekana, nikatwanga vitunguu saumu mara tatu ya kipimo, nikakamua ndimu, nikachanganya, nikaanika upya siku mbili za jua kali. Kikakauka. Kikalia sikioni. Kikanukia vitunguu hadi mke wangu akasema leo umekitengeneza kweli kweli.

Na nilijua. Hili nalisema wazi kwa sababu kwa muda mrefu nilijifanya sikujua. Bwana shamba alikuja Mwamkulu mwaka uliotangulia kutufundisha kuhusu mahindi, akatuambia habari za sumukuvu, kwamba ukungu unaweza kuuondoa ukabaki na sumu yake, nayo haionekani, haitoki kwa jua, haifi kwa moto. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Kitunguu saumu kinazuia ukungu usiote. Ukishaota na kumwaga sumu, unachofanya na kitunguu ni kuficha harufu.

Samaki walikula. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya pili perege wa bwawa la juu walianza kuja wachache wakati wa kulishwa, wengine wakibaki pembeni wamezubaa. Wiki ya tatu wakaanza kuelea. Sita, kisha kumi na mmoja, kisha sikuhesabu tena. Mama mkwe aliwapasua kwa kisu, akakuta maini yamepauka, akakaa juu ya tuta la bwawa na kisu mkononi. Nilimwona nikiwa majanini upande wa pili.

Sasa stoo.

Gunia la kwanza lilikuwa limekwisha, la pili lilibaki nusu. Nikaamua kulitoa na kulifukia kwenye shimo la kichuguu nyuma ya shamba la muhogo. Nilichagua saa nane mchana, maana wakati huo mama mkwe hujilaza. Stoo ni chumba cha matofali ya kuchoma, mlango mmoja, madirisha mawili madogo yaliyowekwa nondo na wavu wa panya. Nilikuwa nimeshabeba gunia begani, natoka, nikasikia kigoda kinaburutwa hapo nje. Hatua mbili kutoka mlangoni, kwenye kivuli cha bati. Halafu nikasikia sauti ya vitunguu saumu vikimwagwa kwenye ungo.

Ningekohoa palepale. Kikohozi kimoja tu, naye angejitanda, angegeuka, ningepita. Lakini ningepita na gunia begani, na mke wangu alikuwa anakuja, nilisikia ndala zake na mtoto wetu akinung'unika mgongoni. Angeuliza unapeleka wapi. Nikasubiri. Nikashusha gunia polepole kama mtu anayelaza mgonjwa, nikachuchumaa nyuma ya pipa la pumba.

"Chagua vile vizima, vya mboga," mama mkwe akamwambia. "Vingine tutagawa. Kwenye chakula cha samaki sitii tena."

"Kwa nini mama?"

"Nimewaunguza maini. Hujaona yalivyopauka? Kitunguu na karafuu, vitu vikali vile, kila siku, kila siku. Ni mimi niliyewaua."

"Mama, mbona miaka yote tunaweka?"

"Miaka yote nilikuwa na bahati."

Maganda yalisikika yakichanwa. Sasa kukohoa kulikuwa kugumu mara mbili, maana wangejua nimesikia. Bati lilikuwa linawaka, jasho linaniingia machoni, na harufu ya vitunguu humo ndani ilikuwa nzito mno, yangu ya kwenye gunia na yake ya kwenye ungo. Mguu wa kulia ukaanza kufa ganzi. Nikauacha ufe.

"Jumamosi wenzangu wa jumuiya wakija nitawaambia wamwage," akasema. "Chote. Na vile vipimo wavisahau."

"Lakini wao samaki wao hawafi."

"Watakufa. Wangu wametangulia kwa sababu mimi ndiye ninayeweka kingi. Unataka nisubiri mpaka yule mama wa Mwese apoteze bwawa lake zima? Ana wajukuu wanne mgongoni. Alikuja hapa akanisikiliza kama mtu anasikiliza misa."

Nilihesabu. Wanawake sita, mabwawa sijui tisa au kumi. Masika ndiyo kwanza yako katikati. Wakiacha kitunguu na ndimu na uji uliochachuka, magunia yao yote yataota ukungu ndani ya wiki mbili, watalisha tu maana hawana kingine, na samaki watakufa kweli. Wataona mama mkwe alikuwa sahihi. Na yeye atakwenda kaburini akiamini mikono yake ni sumu. Yote haya yalinijia waziwazi, nami nikabaki nimechuchumaa, kwa sababu nilikuwa bado natumaini watainuka waende.

Hawakuinuka. Badala yake mama mkwe akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia uso unachoma.

"Mwenzio namhurumia. Ameanika, amegeuza, amebeba, na kazi yote imeharibiwa na dawa zangu. Yule kijana hana kosa. Nimefikiria, tukishavuna nimwite kaka yako na wajomba zako, tumfungue. Amejificha majanini vya kutosha, kama mwizi. Mimi mwenyewe nimechoka kusikia mtu anakohoa hivyo."

"Kweli mama?" Mke wangu alicheka kwa furaha, nikamsikia anampigapiga mtoto mgongoni. "Nimwambie?"

"Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, siku hiyo."

Miaka mitatu nilisubiri sentensi ile. Nilikuwa nimeshawahi hata kuwaza nitavaa nini. Ningenyamaza tu ningeipata. Kuku angechinjwa, ningepewa mkono, ningepita mlango wowote ninaoutaka, na gunia lingekuwa ardhini na hakuna anayejua. Nikajiambia nyamaza. Nikajiambia wewe ni mjinga, nyamaza. Nikaziba mdomo kwa kiganja, kiganja kikiwa kimejaa harufu ya kitunguu.

Nikakohoa.

Sitajisifu kwamba niliamua. Kilitoka. Huenda ni vumbi la pumba, huenda ni koo langu lililozoea. Lakini kilipotoka hapakuwa na namna ya kukirudisha.

Nikasikia khanga inatandwa na kigoda kinageuzwa. Kivuli cha mke wangu kikasimama mlangoni.

"Ni wewe?" akauliza. "Upo humo tangu saa ngapi?"

"Mwambie mama asimwage kitu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya ajabu. "Mwambie vitunguu vyake havina kosa."

Mke wangu akageuka. Mama yake alikuwa hatua mbili kutoka kwake, ametupa mgongo, na amesikia kila neno. Hata hivyo mke wangu alisema, kama inavyotakiwa, "Mama, anasema usimwage kitu. Vitunguu vyako havina kosa."

"Muulize amejuaje."

"Anauliza umejuaje."

"Nilifunga chakula kikiwa kibichi. Siku ile nilipokwenda Majimoto."

"Anasema alifunga chakula kikiwa kibichi. Siku ile..." Sauti yake ikaanza kupungua. "Siku ile alipokwenda Majimoto."

Basi nikasema yote, kipande kwa kipande, naye akayarudia kipande kwa kipande. Joto ndani ya gunia. Ukungu wa kijani. Kitunguu mara tatu. Nilipofika kwenye bwana shamba na sumukuvu, alinyamaza. Alisimama ameshika fremu ya mlango, mtoto amelala mgongoni, hanitazami mimi wala mama yake. Aibu ilikuwa yangu lakini ilikuwa inapitia mdomoni mwake.

"Rudia," mama mkwe akasema, bila ukali.

Akarudia.

Mama mkwe hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, ningezipokea kwa shukrani. Nilisikia anarudisha vitunguu kwenye kikapu, kimoja kimoja, vile vya mboga na vile vya kugawa vyote pamoja. Baadaye akasema, "Muulize. Jumapili ile kabla samaki hawajaanza kufa, nilimvua perege mkubwa wa bwawa la juu. Kichwa na kipande cha kati nilimtengea yeye, kwa heshima ya mkwe, nikakupa umpelekee. Sahani ilirudi tupu. Muulize kama alikula."

Mke wangu akageuka kwangu. Hakurudia swali.

"Nilikitupa," nikasema. "Nilimpa mbwa wa jirani."

"Anasema alimpa mbwa."

"Kwa hiyo siku ile alijua."

Hakukuwa na swali hapo, lakini wote wawili walisubiri jibu. Nikatazama lile gunia nusu, nikatazama mstari wa jua kwenye sakafu. Niseme tu kwamba hakuna aliyeugua, si siku zile wala baadaye, namshukuru Mungu. Wakati ule sikulijua hilo.

"Nilijua," nikasema.

"Anasema alijua," mke wangu akamwambia mama yake. Kisha akashika mafundo ya khanga kifuani, akamvuta mtoto kutoka mgongoni hadi mbele, akamkumbatia, na kwa mara ya kwanza mchana ule akazungumza bila kutumwa na yeyote.

"Mimi nilikula," akaniambia. "Halafu ukakaa ukinitazama namnyonyesha huyu."